Nusu Nyuma ya Tangi

Ukitoka Mpemba kwenda mpakani, kabla hujaingia Tunduma mjini kwenyewe, utayakuta malori yamesimama pembeni mwa barabara, moja nyuma ya jingine, yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Hapo kuna turubai la bluu lililofungwa kwenye nguzo za miti, na chini yake yuko mama mmoja anaitwa Gwalugano. Msipite haraka. Kaeni kwenye benchi lake. Linayumba kidogo, lakini halijawahi kumwangusha mtu.

Gwalugano ni mama lishe. Anapika ugali, maharage na majani ya maboga, na siku zikiwa nzuri anaongeza dagaa. Madereva wanampenda kwa sababu hana maneno mengi. Mtu akija anamtazama usoni mara moja, anamuuliza swali moja tu: "Kamili au nusu?" Kamili ni sahani iliyojaa. Nusu ni ya yule ambaye foleni imemkalisha mpaka posho imemwishia njiani. Hapo hakuna anayeona haya kusema nusu. Anapewa, anakula, ananawa, anarudi kwenye gari lake.

Upande wa pili wa turubai, kwenye beseni, kuna mtu mrefu anayefuta sahani. Anaifuta moja mpaka kitambaa kinalia, ndipo anachukua nyingine. Huyo ni Zebedayo, mdogo wake Gwalugano, ingawa kidevuni tayari ana mvi. Zebedayo alizaliwa na ulemavu wa akili. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno aliyonayo ni machache, ila hayo machache anayatumia vizuri. Ana "twende". Ana "dada". Ana "mama". Na ana "nusu".

Hilo la mwisho ndilo lililompa jina barabarani. Vijana wa mikokoteni wanaopeleka mizigo mpakani walimsikia akilisema, wakaliokota.

"Nusu, mambo vipi?"

"Nusu," anajibu Zebedayo, ananyoosha kiganja.

"Sasa kamili umeiacha wapi, mzee?"

Wanacheka, na yeye anacheka pamoja nao, maana kicheko hakijawahi kumpita bila kukipokea. Gwalugano ndiye aliyekuwa hacheki. Aliamini wanamwita ndugu yake nusu mtu. Siku moja alimmwagia kijana mmoja maji ya sahani, akamwambia, "Mama yangu hakuzaa nusu. Kaulize kwenu kama wewe ulikuja mzima." Kijana akaondoka anakung'uta suruali. Baada ya hapo Gwalugano alimkataza Zebedayo kulitamka neno lile. Akilitamka, alimpiga kofi dogo la begani, kama unavyomfukuza nzi. Tangu hapo Zebedayo akawa analisema kwa sauti ya chini tu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, ili tusipotezane.

Hawa ni watu wa Isongole, kule Ileje. Gwalugano alikuja Tunduma akiwa msichana, akaanza kwa kuuza mihogo ya kukaanga. Ndipo akatokea dereva mmoja wa ng'ambo ya mpaka anaitwa Brian, mtu mpole. Alikula, akarudi, akala tena, mpaka begi lake likahamia chumbani kwa Gwalugano. Ndoa hawakufunga. Kila mara ilikuwa safari ijayo. Wazee wa kanisa walimwita Gwalugano, wakamsomea utaratibu, wakamtenga na Meza ya Bwana. Aje ibadani, aimbe, atoe sadaka, lakini asipige magoti pale mbele kupokea, mpaka afunge ndoa, au asimame mbele ya usharika aseme ameachana na mtu yule. Gwalugano akasema, sawa.

Kisha Brian akavuka na shehena ya mbolea. Alisema, "Wiki ijayo." Simu yake ikawa haipatikani. Hakusema ameondoka, wala hakurudi. Begi liko uvunguni mpaka leo. Gwalugano hakulia, hakumtafuta. Aliacha tu kwenda kanisani, maana Jumapili malori huwa mengi.

Mama yao, Tuntufye, alikuwa amehamia kwake zamani pamoja na Zebedayo. Huyo ndiye alikuwa akimpeleka Zebedayo kanisani, kila Jumapili, mkono kwa mkono, wote wawili wamepaka mafuta mpaka wanang'aa. Walikuwa wanarudi mchana, Zebedayo ametulia kama mtu aliyeshiba. Gwalugano alikuwa hawaulizi mahubiri yalihusu nini. Aliwapakulia.

Mama Tuntufye alifariki mwaka juzi, kipindi cha baridi, wakati upepo wa hapa unakata masikio. Msibani Gwalugano alipika. Shangazi zake waliokuja kutoka Isongole walimwambia, "Mwanetu, acha sufuria, ulie." Akasema, "Nikiacha wali unaungua." Alingoja kilio kije, akaona hakiji. Alijisikia kama mkono ulioulalia usiku: unauona ni wako, unaushika, lakini wenyewe haushiki kitu. Aliamini utapita, kama ganzi inavyopita. Haukupita. Akarudi barabarani, akauliza watu, kamili au nusu.

Jumapili ya kwanza baada ya matanga, Zebedayo alivaa shati lake jeupe, vifungo vimekosana na matundu, akasimama mlangoni.

"Twende," akasema.

"Mama hayupo, Zebe."

"Twende."

"Nimekwambia mama hayupo."

"Twende."

Gwalugano alichoka kuirudia ile sentensi. Akafunga kitenge, akaenda. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Wakawa wanakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango wa pembeni, na Zebedayo alikuwa haleti shida yoyote. Aliimba nyimbo zote kwa herufi moja.

Ndipo ikafika Jumapili ya Meza. Zebedayo aliijua kwa kitambaa cheupe kilichotandikwa pale mbele. Alipokiona tu, alimgusa Gwalugano mkononi, akasema, "Nusu," akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Gwalugano akamfuata. Nyuma ya kanisa kuna tangi jeusi la kukingia maji ya mvua. Alimkuta Zebedayo amekwisha kunawa bombani, amefuta mikono kwenye suruali, amesimama ameunganisha viganja kama mtu anayepokea karanga, macho kwenye mlango.

"Unataka maji?"

"Nusu."

"Una njaa?"

Aliendelea kuutazama mlango. Walikaa pale mpaka kwaya ikanyamaza, watu wakasalimiana na kuondoka, mlinzi akafunga milango. Zebedayo hakushusha mikono. Gwalugano alipomvuta alikubali kwenda, lakini alitembea akigeuka nyuma. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu, maana mtu anayelia unajua pa kumshika.

Kuanzia hapo Gwalugano alianza kumpa nusu. Si alikuwa anaitaka? Alidhani ameisikia kwa madereva, ile ya sahani. Akampa nusu ugali, Zebedayo akaula lakini akanyoosha tena kiganja. Akampa nusu chapati, akairudisha. Nusu andazi, nusu ndizi, akavirudisha vyote kwa adabu, kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani kwa makosa.

Happy, anayechoma chapati turubai la jirani, alikuwa akiyaona haya kila siku.

"Dada Gwalu, huyu anataka nini hasa?"

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ningejua si ningempa."

"Basi mpe kamili. Labda amechoka unyonge."

"Kamili nimempa. Ameifuta vumbi, akanirudishia mezani."

Happy akacheka, kisha akaacha kucheka, akageuza chapati.

Jumapili ya Meza iliyofuata mvua ilinyesha. Kitambaa cheupe, "nusu", mlango wa pembeni. Gwalugano hakutoka upesi. Alidhani mvua itamrudisha. Haikumrudisha. Alipotoka alimkuta palepale kwenye tangi, shati limegandamana na mgongo, viganja vimeunganishwa na vimejaa maji.

Watu walipoanza kutawanyika, alikuja Bibi Anastazia na mwavuli wake wenye mbavu moja iliyovunjika. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu. Miaka yote walikaa benchi moja. Akamfunika Zebedayo kwanza, kisha akamtazama Gwalugano.

"Mwanangu, hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini, bibi?"

"Kumbe hukuambiwa." Akavuta pumzi. "Mama yako alikuwa hali mkate wake wote. Akishapokea, anauvunja kwa kidole gumba, hivi. Nusu mdomoni. Nusu kwenye fundo la kitenge. Wimbo ukianza anatoka, anakuja hapa, anamlisha huyu, maana hana kipaimara na haruhusiwi kupiga magoti pale mbele."

Wenzangu, mkate wa Meza wa kanisa lile ni kipande chembamba cheupe, cha mviringo, kisichozidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Ukikiweka ulimini kinayeyuka.

"Nilikuwa napiga magoti karibu naye," Bibi Anastazia akaendelea. "Nilikuwa nausikia mlio. Tk. Kama kijiti cha kiberiti."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema, Gwalu ana yake."

Gwalugano alimtazama ndugu yake. Neno lililomfanya ammwagie mtu maji ya sahani lilikuwa limesimama mbele yake, linatota. Alingoja kitu kimpande kifuani, kama unavyongoja maji yachemke. Hakikupanda. Alichohisi ni kwamba viatu vyake vimelowa.

"Basi, bibi, wewe unapokea. Mvunjie wewe."

Bibi Anastazia akautikisa mwavuli, akausogeza, akautikisa tena.

"Mimi naogopa, mwanangu. Kutoa mkate nje ya kanisa si jambo dogo. Mama yako alikuwa haogopi. Mimi naogopa."

Kwa hiyo sasa mnaona alivyokwama. Aliyekuwa akimgawia alikuwa amelala kaburini Isongole, alikorudishwa kuzikwa. Aliyeweza kumgawia alikuwa anaogopa. Na yeye mwenyewe Gwalugano, ambaye angemgawia hata leo, alikuwa ametengwa. Mkono wake haukuruhusiwa kupokea cha kuvunja. Na Zebedayo angekuja kwenye tangi kila Meza, jua au mvua, mpaka mwisho wa maisha yake, akinyoosha viganja kwa mlango usiotoa mtu.

Jumatano aliacha sufuria kwa Happy, akaenda kwa mchungaji.

Mchungaji Kalisti alikuwa uani kwake, anapigilia misumari benchi la shule ya Jumapili. Alikuwepo pia Mzee Makene, mzee wa kanisa, akimshikia ubao. Mzee Makene aliingia mkoa huu na ng'ombe, akakaa Ndalambo miaka mingi kabla ya kuhamia mjini, na ndiye msimamizi wa Meza. Yeye ndiye aliyemsomea Gwalugano utaratibu siku ile.

Gwalugano akaeleza. Hakupamba, hakuficha. Nyundo ikasimama.

"Alikuwa akiutoa nje?" akauliza Mzee Makene.

"Alikuwa."

"Kwenye kitenge?"

"Kwenye fundo."

"Fundo hilo hilo la hela ya nyanya?"

"Hilo hilo, baba."

Mzee Makene akakaa kwenye benchi ambalo halijapigiliwa vizuri. Mchungaji alikuwa anajifuta uso kwa kiganja, na mtu asingejua kama ni jasho au nini.

"Nilikuwa namwona anatoka kabla ya baraka," akasema mchungaji. "Nikadhani ni kibofu. Nikawa nafupisha maombi kwa ajili yake."

Kuku wakapita.

"Gwalugano," mchungaji akasema, "njia fupi ni wewe kurudi. Simama Jumapili, sema umeachana na mtu yule, tukupokee. Halafu utapiga magoti na ndugu yako."

"Siwezi kusema hivyo, mchungaji."

"Bado unamtaka?"

"Sijui kama tumeachana. Hakuniambia. Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema jambo nisilolijua."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Mimi sitaki kitu. Yeye anataka nusu."

Mzee Makene ndiye aliyejibu, na alijibu polepole. "Mimi sina neno na kijana. Lakini kuna maswali. Watoto wa kipaimara wanaulizwa, na yeye aulizwe. Hilo la kwanza. La pili, huko barabarani wanamwita Nusu. Akipiga magoti pale, mtoto mmoja akanong'ona Nusu, kanisa zima litacheka. Mimi Meza hii nimeisimamia tangu kanisa ni la nyasi. Sijawahi kusikia kicheko pale. Sitaki kukisikia, na sitaki akisikie yeye."

"Yeye akisikia kicheko anacheka," akasema Gwalugano.

"Ndiyo maana sitaki."

Mchungaji akasema, "Mlete Jumamosi."

Jumamosi walikaa ndani ya kanisa tupu, wanne tu. Zebedayo alikuwa na shati jeupe, na safari hii Gwalugano alikuwa amemfunga vifungo mwenyewe. Mchungaji alitoa kipande kimoja cha mkate kutoka kwenye kopo, akakishika juu.

"Hiki bado hakijabarikiwa," akawaambia wengine. Kisha, "Zebedayo, ndugu yangu. Hiki ni nini?"

Zebedayo akakitazama. Akamtazama dada yake. Akatikisa kichwa.

"Hukijui?"

Akatikisa tena.

"Kitazame vizuri. Hujawahi kukiona?"

Hapana.

Mzee Makene akavuta pumzi ndefu, si ya ushindi. "Mchungaji, umeona mwenyewe. Hakijui."

Gwalugano alikuwa amekaa mbali, mikono mapajani, anatazama sakafu ya saruji, ufa uliokuwa unatoka ukutani mpaka kwenye mguu wa benchi. Akaufuata ule ufa kwa macho mpaka mwisho. Halafu akasema, bila kuinua uso, "Ni kizima."

"Unasemaje?"

"Hajawahi kuona kizima. Kivunje, mchungaji."

Mchungaji akakivunja kwa kidole gumba. Tk.

Zebedayo alishtuka kama aliyeitwa kwa nyuma. Akaunganisha viganja, akavinyoosha mpaka vikagusa joho la mchungaji. "Nusu," akasema, kwa sauti kubwa, ile aliyokuwa amekatazwa.

"Nusu ya nani?" mchungaji akauliza.

"Mama."

"Mama yuko wapi?"

Zebedayo akaonyesha mlango wa pembeni, upande wa tangi.

Mzee Makene akasema, "Hayo si majibu ya kitabu."

"Si ya kitabu," mchungaji akakubali.

"Na akija hivi hivi, akapaza sauti vile pale mbele?"

"Atapaza."

Mzee Makene akainuka, akaenda mpaka kwenye ngazi za madhabahu, akazitazama kama mtu anayepima zizi. Akarudi. "Nitapiga naye magoti mimi. Atakayecheka, atakuwa amenicheka mimi."

Njiani kurudi nyumbani Gwalugano alijaribu kufurahi. Alijua hapo ndipo mtu anapofurahi. Alinunua mkaa.

Jumapili ile ya Meza kanisa lilijaa, na habari zilikuwa zimekwisha kusambaa, maana Happy hana kifuniko. Zebedayo alipoona kitambaa cheupe alisema "nusu" na kuinuka kwenda mlango wa pembeni, kama kawaida. Mzee Makene akamwahi katikati ya mabenchi.

"Leo tunapita huku, kijana wangu."

Zebedayo akautazama mlango. Akautazama mkono wa mzee. Akaenda.

Gwalugano alibaki benchi la nyuma, mahali pa waliotengwa, ambako walikuwepo na wengine, kila mmoja na lake, wakitazama migongo ya wenzao ikipanda mbele. Aliuona mgongo wa shati jeupe ukishuka magotini karibu na koti jeusi la Mzee Makene. Mahali fulani katikati mtoto akanong'ona jina, na kicheko kimoja kidogo kikaanza. Mzee Makene hakugeuka. Alimsogelea tu Zebedayo mpaka mabega yao yakagusana. Kicheko kikafa hapo hapo, hakikupata mwenzake.

Mchungaji alipofika kwa Zebedayo alisimama. Alikuwa anajua sasa. Akakivunja kipande mbele ya macho yake, na kanisa lilikuwa limetulia kiasi kwamba hata huku nyuma Gwalugano aliusikia ule mlio, mara ya pili tu maishani mwake. Mama yake aliusikia miaka mingapi? Mchungaji akaviweka vipande vyote viwili kwenye viganja vya Zebedayo, akasema maneno yake. Zebedayo akatia kimoja mdomoni. Kikombe kilipokuja akanywa, akakunja uso kwa ukali wa divai.

Kisha akainuka. Mzee Makene alimwelekeza benchi, lakini Zebedayo hakuelekea benchi. Alipita kando ya ukuta, ngumi moja ameifumba na kuishika kwa mkono wa pili, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Gwalugano akamfuata. Alidhani ameenda kumngoja mama, na kwamba haya yote yamekuwa bure, ataendelea kusimama pale mpaka milango ifungwe.

Lakini Zebedayo hakuwa upande wake wa siku zote. Alikuwa amesimama upande wa pili wa tangi, ule wa mlangoni, anakokuja mtu akitoka ndani. Palipokuwa pake pamebaki wazi. Akamwonyesha Gwalugano kwa kidevu: pale.

Gwalugano akasimama pale.

Zebedayo akafumbua ngumi. Nusu ilikuwepo, imelainika kidogo kwa jasho, imechukua mstari wa kiganja chake.

"Kula, Zebe. Zote ni zako. Leo umepewa zote."

Akatikisa kichwa.

"Kula, ndugu yangu."

"Nusu, dada."

Maneno hayo mawili alikuwa hajawahi kuyaweka pamoja.

"Mimi siruhusiwi," akasema Gwalugano. Hilo Zebedayo hakuwa na neno lake. Akasogeza kiganja karibu zaidi.

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Makene. Alikuwa amewafuata, na alikuwa anaona kila kitu: mkate uliobarikiwa uko nje ya kanisa, mbele ya mwanamke aliyemtenga kwa mdomo wake mwenyewe. Gwalugano akamtazama. Hakumwomba, hakumpinga. Alimtazama tu, kama anavyowatazama madereva kabla hajawauliza swali lake.

Mzee Makene alishuka ngazi. Akaja mpaka kwenye tangi, akainama, akaikaza koki ya bomba. Haikuwa inavuja. Akaikaza tena. Kisha akarudi ndani, akaurudishia mlango nyuma yake.

Gwalugano akaunganisha viganja.

Haukuwa na ladha. Ulinata juu ya kinywa, akausukuma kwa ulimi, ukaisha. Akangoja. Ndani kwaya ilikuwa imeanza kuimba. Kule barabarani lori lilipiga honi, foleni ilikuwa inasogea. Hakikuja kitu kingine. Zebedayo alikuwa anaitazama taya yake kwa makini mpaka alipomeza. Alipoona amemeza, alifungua bomba kwa shida, maana lilikuwa limekazwa mno, akanawa, akafuta mikono kwenye suruali.

"Twende," akasema.

Akatangulia. Hakugeuka nyuma.

Mzee Makene hakulipeleka jambo lile kwenye baraza la wazee. Gwalugano bado ametengwa, begi la Brian bado liko uvunguni, na kila Jumapili ya Meza turubai la bluu linakuwa limefungwa mpaka mchana. Vijana wa mikokoteni bado wanaita Nusu. Gwalugano hawamwagii tena maji.

Juzi Happy alimuuliza, akiwa anakanda unga, "Dada Gwalu, sasa ukila ile, unasikiaje?"

Gwalugano alifikiri. Hataki kusema jambo asilolijua.

"Nasikia kiu."

"Basi?"

"Basi. Nakunywa maji pale pale bombani, tunarudi."

Dereva alikuwa amekuja na kukaa, uso wake una vumbi la siku nyingi. Gwalugano akafunua sufuria, akamuuliza anachowauliza wote. Kwenye beseni Zebedayo akainua kichwa kusikiliza jibu, sahani mkononi.